Mlinzi Kwenye Kompyuta ya Mama

Kaka yangu ni mkaguzi wa lifti. Anaingia kwenye jengo la watu, anapanda na kushuka, anasikiliza nyaya, na akiona kitu kinatikisika anabandika karatasi nyekundu mlangoni na kwenda zake. Alhamisi asubuhi alinipigia simu kunijulisha kwamba safari hii amembandikia mama.

"Bisibisi," akasema. Hilo ni jina alilonipa utotoni, nilipoifungua redio ya baba nikashindwa kuifunga. "Jumamosi naleta lori. Mama anahamia kwangu. Nyumba nimeshaipatia mpangaji."

"Kumetokea nini?"

"Akili imeanza kumruka. Anasema unaongea naye kwenye kompyuta. Kila siku! Eti unamuuliza kama yuko salama, na yeye anakujibu. Majirani wanasikia king'ora cha hiyo kompyuta. Nimempeleka kwa daktari. Kaulizwa tarehe, kaulizwa majina ya wajukuu, kapewa hesabu za kutoa, vyote kajibu kuliko hata mimi. Halafu daktari akamuuliza anaishi na nani. Akasema, naishi peke yangu, lakini mwanangu wa mwisho ananiangalia kwenye kompyuta."

Nilicheka. Nalisema hili kwa sababu nimekata shauri kusema yote. Nilikuwa dukani, mkononi nina kompyuta ya mwalimu mmoja iliyomwagikiwa soda, simu nimeiweka spika kama kawaida yangu, na nikacheka.

"Hivyo ni virusi, kaka. Yale matangazo ya kutisha watu, yanayojifanya antivairasi. Mimi sijaigusa hiyo kompyuta tangu tumzike baba."

"Ndivyo nilivyomwambia daktari. Akaandika kwenye faili lake. Sasa njoo uisafishe. Mama amegoma kuhama bila kompyuta yake, na wifi yako amekula kiapo kwamba kile king'ora hakikanyagi nyumbani kwake."

Nikasema sawa. Kuondoa uchafu huo ndiyo kazi inayonilisha. Kila wiki naletewa kompyuta nne au tano za namna hiyo: mtu alikuwa anatafuta picha ya sare za harusi, akabonyeza asichokijua, na sasa mashine inampigia kelele kwamba ina virusi mia tatu na hamsini na inataka alipie dawa. Aliyeleta ugonjwa ndiye huyo huyo anayeuza dawa. Wateja wanafika wakiwa na aibu, kana kwamba wamekutwa mahali pabaya, na mimi nawaambia usijali, huwapata wote. Nawaambia hivyo huku nikifikiria mambo mengine, au nisifikirie kitu.

Maana tangu baba afariki, miaka miwili sasa, mimi nina ganzi. Sina neno lingine. Kwenye mazishi sikulia, watu wakasema nina moyo wa chuma, wakanipongeza, na mimi nikazipokea pongezi. Nilirudi kazini siku ya nne. Nakula, nalala, nalipa kodi ya duka, natania na wateja. Mtu akiniambia habari njema nasema hongera, akiniambia habari mbaya nasema pole, na ndani yangu zote mbili zinafika zikiwa zimepoa.

Nilifika kwa mama Ijumaa saa nane mchana. Kaka alikuwa ameshapita na maboksi. Yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja limeandikwa kwa kalamu nene: VYOMBO, MASHUKA, PICHA, MENGINE. Mama alikuwa amekaa katikati ya maboksi hayo, amevaa miwani, ameielekea kompyuta ya mezani ambayo baba aliinunua mwaka wa mwisho wa kazi. Pembeni ameweka kitambaa cha kufuma cha kufunikia kioo, ambacho hukitoa akitaka kuitumia na kukirudisha akimaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika. Jana nilikuambia kaka yako ana haraka, ulisoma?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilidhani anazungumzia ujumbe wa simu. Mimi husema ndiyo kwa mambo mengi.

Mama alifanya kazi ya opereta wa simu kwenye hospitali kubwa kwa miaka thelathini na mmoja. Asiyeijua kazi hiyo atadhani ni kukaa na kuchomeka waya. Mbele yake kulikuwa na ubao wa taa ndogo ndogo, wodi hii, chumba kile, watu wa nje, na taa ikiwaka inapaswa kujibiwa kabla haijamulika mara ya tatu. Huko upande wa pili anaweza kuwa mlevi aliyekosea namba, anaweza kuwa baba wa mtoto anayekata roho. Opereta hajui, kwa hiyo anawajibu wote kwa sauti moja. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuacha taa ikawaka bure, na aliwafukuza wasaidizi wawili waliofanya hivyo. Nyumbani kwetu mlango ukibishwa mama ameshafika kabla anayebisha hajashusha mkono.

Sikuwa nimemaliza kuvua viatu king'ora kikalia. Kilikuwa king'ora kweli, wiiu wiiu, na kioo chote kikawa chekundu. Katikati ikatokea ngao yenye jicho, na chini yake maandishi:

ONYO MPENDWA! WEWE SI SALAMA. MLINZI BORA ANAKUTAZAMA. JE UNAKUBALI KULINDWA?

Kulikuwa na kitufe cha NDIYO, kikubwa na cha kijani, na kisanduku cheupe kilichoandikwa "Maoni yako hapa". Mama aliutazama ujumbe, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Umeiacha inauliza yenyewe?" akaniuliza. "Maana wewe uko hapa."

Sikuelewa. "Inajiendesha tu, mama."

"Basi ngoja niijibu, isije ikadhani nimetoka." Akabonyeza NDIYO, akaandika kitu kwenye kisanduku kwa vidole viwili, pole pole, akabonyeza tena. King'ora kikanyamaza. "Halafu Kiswahili chako kimeharibika tangu uhamie huko. 'Wewe si salama.' Nani anaongea hivyo? Baba yako angekuchapa."

Nikamwambia anipishe kiti. Hapo bado sikuwa nimeshtuka. Niliona kazi, nikaanza kazi.

Kwanza nikachomoa waya wa intaneti, ili mdudu asiite ndugu zake. Kisha nikaizima na kuiwasha kwa hali salama, ile ambayo kompyuta huamka na vitu vyake vya lazima peke yake, bila wageni. Nikafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Huyo hapo, Mlinzi Bora, amejiandika mara tatu kwa majina matatu. Nikayafuta yote matatu. Nikafuta na folda lake. Nikaiwasha kawaida, nikasubiri. Dakika kumi baadaye: wiiu wiiu. WEWE SI SALAMA.

"Unaifanyaje?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Naondoa uchafu."

"Uchafu gani? Mimi naifuta kila siku."

Hawa wasumbufu wana hila moja. Ukimuua mmoja, kuna mwingine amejificha ambaye kazi yake ni kuhesabu tu: kila dakika kumi anachungulia, na akikuta mwenzake hayupo anamrudisha. Huyo wa pili hapigi kelele wala haonekani. Nilimkuta kwenye ratiba ya kazi za mashine, amejiita jina la heshima, kana kwamba ni sehemu ya kompyuta tangu kiwandani. Nikamwondoa. Nikaingia kwenye kivinjari, kule kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Mtu wa kawaida ana mbili, tatu. Mama alikuwa na mia moja na themanini na nne. Wauza mito, wauza dawa za magoti, watabiri wa nyota, wachumba. Zote zilikuwa zimemuuliza, "Je, unaruhusu?" na kila moja alikuwa ameijibu ndiyo.

Nimesafisha kompyuta nyingi, na zote zina dalili za mtu kukosea: amekubali hapa, amekataa pale, amefunga kwa hasira, ameizima ukutani. Hii haikuwa na kukataa hata kumoja. Hakuna dirisha lililokuwa limefungwa bila kujibiwa. Niliona ajabu, nikaendelea.

Nikachomeka flashi yangu yenye programu halisi ya kusaka virusi, ikaanza kupita faili kwa faili. Hapo ndipo ilipoonyesha folda jingine la Mlinzi Bora, lililofichwa mbali na lile la kwanza. Ndani kulikuwa na faili moja la maandishi, refu. Nikajua ni nini: kila alichoandika mtu kwenye kile kisanduku cheupe, mdudu alikuwa anakihifadhi, akitumaini siku moja mwenye kompyuta ataandika namba ya siri ya benki. Nikalifungua kuona kama mama ameibiwa.

Kila mstari ulikuwa na tarehe na saa.

"Ndiyo mwanangu, nakubali."

"Niko salama. Wewe je?"

"Nimelala vizuri, asante kwa kuuliza. Mgongo tu."

"Nimekunywa maji."

"Leo umeniuliza mara tisa. Una wasiwasi gani? Mimi nipo."

"Usijisumbue kupiga king'ora, masikio yangu ni mazima. Ni magoti yanayochelewa."

"Kaka yako amekuja na maboksi. Usimlaumu, ana haraka."

"Leo umetimia mwaka. Nimekaa upande wake wa kitanda. Nimekubali ulinzi."

Ilikuwa mistari elfu nne na kitu. Nilisoma mingi, nikirukaruka mbele na nyuma. Nikasubiri nihisi chochote, kama mtu anavyosubiri chafya, lakini haikuja. Kilichokuja ni kumbukumbu, na ilikuja kavu.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi. Gari lilikuwa linaningoja nje, dereva anapiga honi. Nilikuwa nimemwekea mama kwenye kompyuta programu moja ya kumwezesha fundi kuingia kutoka mbali, ile ninayowawekea wateja wakubwa. Nilimkalisha pembeni yangu nikamwonyesha. Halafu nikavaa viatu, na nikiwa nafunga kamba nikamwambia hivi: "Mama, usiogope kukaa peke yako. Nitakuwa nakuangalia kutoka kule kule, kila siku. Ikikuuliza kitu, jua ni mimi. Wewe kubali tu."

Kubali tu. Nikapanda gari. Wiki ya kwanza nilikusudia kuingia, kazi zikanizidi. Wiki ya pili nikasema nitaingia Jumatatu. Kisha jambo lenyewe likanitoka kichwani, kama mwavuli ulioachwa kwa watu.

Lakini Jumapili nilikuwa nampigia simu. Jumapili zote, sijakosa. Naweka spika, naendelea na kazi, na mama anaongea. Sasa nikakumbuka maneno yake. "Nimeona ulivyoniuliza, nimekubali." "Jana ulikuwa na maswali mengi, wewe." Na mimi: "Sawa, mama. Vizuri, mama." Aliniambia zaidi ya mara mia moja. Sikuwahi kuuliza anasema nini.

Kwa hiyo mama hakuwa na wazimu hata kidogo. Alikuwa amefuata maelekezo ya fundi neno kwa neno, na fundi mwenyewe, jana, akiwa na bisibisi mkononi, alicheka kwenye simu na kumpa kaka ushahidi.

Ile programu ya flashi ikalia kuashiria imemaliza: vitu mia mbili na kumi na mbili. Nikabonyeza vifutwe. Mama akaniletea chai, akaketi kwenye boksi la MASHUKA.

"Umemaliza kuiosha?"

"Karibu namaliza."

"Mwambie kaka yako," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapungua. "Mimi kwake siendi kwa hiari. Kule ni ghorofa ya sita, nitakuwa nakaa kwenye kochi la mke wa watu nikiomba ruhusa kuwasha jiko. Hapa najua kila msumari. Mwambie kwamba mimi na wewe tunaongea kila siku, kwamba siko peke yangu. Mimi nikimwambia ananitazama kama mgonjwa."

Ningeweza kumwambia palepale. Nikanywa chai.

Jumamosi saa tatu asubuhi kaka akafika na lori, dereva, na wabebaji wawili. Nikamwahi uani kabla hajaingia.

"Kaka, mama ni mzima. Ni mimi niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

Nikamweleza. Viatu, honi, kubali tu. Nilieleza kama ninavyomweleza mteja hitilafu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu. Kaka akanisikiliza akitazama ukuta.

"Alhamisi mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimesahau."

"Ulisahau." Akalirudia neno hilo taratibu. "Mimi naishi dakika ishirini kutoka hapa. Kila nikija ananiambia, mdogo wako ananijali, ananiuliza kila siku, nyie je? Kila siku nasikia hivyo. Nikadhani labda kweli unapiga. Halafu nikadhani kachanganyikiwa. Na wewe ulisahau."

"Rudisha lori."

"Silirudishi kwa maneno yako." Hakuwa anafoka. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa amelala. "Daktari aliniambia jambo moja. Mtu mzima wa akili, ukimwonyesha ukweli anaupokea, hata kama unamchoma. Mgonjwa anang'ang'ania. Mimi nimemwambia mara tatu kwamba si wewe. Mara tatu amekataa, ananiambia nina wivu. Nenda kamwambie wewe. Akikubali, lori linarudi tupu. Asipokubali, leo analala kwangu. Bisibisi, mimi sipendi kumng'oa hapa. Naogopa siku moja nitakuja nimkute sakafuni, halafu nisikie kompyuta inamuuliza kama yuko salama."

Tukaingia. Mama alikuwa amevaa vizuri, amekaa wima kwenye kiti cha kompyuta kama mtu aliye zamu. Kaka akasimama mlangoni.

"Mama," nikasema, "yale maswali hayakuwa yangu."

"Yapi?"

"Yote. King'ora, ulinzi, maji, usingizi. Ni virusi. Ni matangazo ya wezi, yanatumwa kwa watu wote duniani. Mimi nilikuambia nitakuwa nakuangalia, ukaniamini. Sikukuangalia."

Mama akacheka kidogo, akamtazama kaka. "Umemtisha mwenzio. Tangu mkiwa wadogo, hivyo hivyo." Akanigeukia. "Usimwogope. Sema tu."

"Hajanitisha."

"Uliniuliza kama nimelala vizuri. Wiki ile ile niliyokuwa silali! Mwizi atajuaje?"

"Ni muuza mito, mama. Anawauliza wote."

Akakaza mkono kwenye ukingo wa meza. Nikamtazama kaka, na kaka akaangalia saa yake, si kwa haraka, ila kwa kukosa pa kuangalia. Nikaelewa kwamba mama atakataa. Angekataa, angepakiwa, na angekaa ghorofa ya sita akiwa na imani yake nzima kwamba mwanawe wa mwisho anamjali. Huenda hilo lingemfaa zaidi kuliko nyumba. Sikujua, na hadi leo sijui. Lakini jana alikuwa ameniambia anachotaka, na safari hii nilikuwa nimemsikia.

Nikavuta kiti karibu. Nikafungua ile programu niliyomwekea miaka miwili iliyopita. Ilikuwa nzima, haijaguswa na mdudu wala na mimi.

"Hii ndiyo njia yangu ya kuingia, mama. Hakuna nyingine. Na ina daftari lake. Kila fundi akiingia inaandika, siku na saa. Vaa miwani usome mwenyewe."

Akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Kulikuwa na mstari mmoja.

"Hii moja ni nini?"

"Ni siku nilipoiweka. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo."

"Na hizo nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine."

Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya ule mstari, pale ambapo wa pili ungekuwapo. Akakishusha pole pole hadi mwisho wa ukurasa mtupu.

"Hata siku moja?" akaniuliza.

"Hata siku moja, mama."

Wabebaji walikuwa wanacheka kitu huko nje. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akachukua muda mrefu kuifuta. Alipomgeukia kaka sauti yake ilikuwa ya kazini, ile aliyokuwa akiwapa wote.

"Ni virusi," akamwambia. "Nimeona kwa macho yangu. Miaka miwili nimekuwa nikijibu virusi. Huo ni ujinga, baba, si wazimu, na mjinga anaruhusiwa kukaa kwake. Waambie vijana wako wafungue hayo maboksi, waanze na vyombo."

Kaka alitoka nje haraka. Nilimsikia akiongea na dereva, halafu nikamsikia akipenga kamasi. Lori likaondoka tupu.

Mimi na kaka tulipanga vitu hadi saa tisa. Mama alituelekeza: sufuria hapa, mashuka pale, hilo boksi la picha liacheni nitalifungua mwenyewe. Hakunikasirikia. Nilikuwa nasubiri anikaripie, nilitaka hasa anikaripie, kwa sababu kwetu anayekaripiwa ni mtu wa nyumbani. Aliniuliza kama nimeshiba. Aliniuliza kama basi la jioni lina viti vizuri. Kompyuta ilikuwa imewaka muda wote, kioo cha bluu, kimya, na mara mbili nilimwona akiitupia jicho kisha akiliondoa.

"Haitauliza tena?" akaniuliza mara ya pili.

"Haitauliza. Lakini mimi nitakuwa naingia, mama. Kweli safari hii. Na nitapiga kila siku, siyo Jumapili tu."

"Usijisumbue," akasema kwa upole. "Najua una kazi nyingi."

Akakichukua kile kitambaa cha kufuma, akakikunjua, akaifunika.

Nilipobeba begi langu alinisindikiza hadi getini. Alinipa maji ya njiani. Alinishukuru kwa kuitengeneza kompyuta, akasema imekuwa nyepesi sana, akasema nimefanya kazi nzuri. Kisha akanipa mkono.

"Karibu tena," akasema.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ile, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo pale. Nikamjibu, "Asante, mama," kwa sababu ndilo jibu lake. Nilitembea hadi kituo cha basi huku nikilia kwa sauti, watu wakinipisha njia, na sikuwa namlilia baba.